Insha ya chuo kikuu ukiwa bado kidato cha sita: namna ya kufanya kazi na mkufunzi

Maswali ni yale yale kila mwaka. "Nimepewa mkufunzi lakini hanifundishi, ananiuliza tu." "Nimepata 64, ndiyo nimefeli?" "Naruhusiwa kusema 'mimi' kwenye insha?" "Marejeo yawe mangapi?" Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe, na mara moja nikiwa kwenye foleni ya basi. Safari hii nayaandika mara moja, atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Ninayemwandikia ni mwanafunzi wa mwaka wa 12 au wa 13 nchini Uingereza, ile miaka miwili ya kidato cha sita kabla ya chuo, aliyejiingiza katika kazi ya mtindo wa chuo kikuu. Huenda unafanya EPQ (Extended Project Qualification), mradi wa kujitegemea unaobeba nusu ya pointi za UCAS, ule mfumo wa maombi ya vyuo vya Uingereza, za somo moja la A-level. Huenda shule yako imeletewa mtafiti wa uzamivu (PhD) na shirika la hisani kama The Brilliant Club, ambalo tangu 2011 hupeleka watafiti shuleni wakae na vikundi vidogo vya wanafunzi. Au mzazi amekutafutia mkufunzi binafsi. Mipango inatofautiana, kazi haibadiliki sana: swali moja, kusoma kwingi, vikao vichache, na insha ndefu kuliko yoyote uliyowahi kuandika.

Mtindo wenyewe umetokana na vyuo. Oxford na Cambridge mwanafunzi hukaa na mkufunzi wake karibu kila wiki, wakiwa wawili au watatu chumbani, kwa muda wa saa moja hivi, wakijadili alichoandika mwanafunzi. Shika hayo maneno ya mwisho: alichoandika mwanafunzi. Mengi ya mwongozo huu yanatoka hapo.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Maelezo rasmi ya kazi, yamechapishwa kwenye karatasi: idadi ya maneno, tarehe ya mwisho, mtindo wa marejeo unaotakiwa, na vigezo vya kutoa alama. Nashangaa ni wangapi hufika kikao cha tatu bila kuvisoma vigezo.
- Daftari moja, au faili moja kwenye kompyuta. Si matano. Kwa anayefanya EPQ, kumbukumbu za safari yako nazo zinapimwa, kwa hiyo andika tarehe kila unapobadili mawazo.
- Njia ya kuzifikia makala za kitaaluma. Google Scholar ni bure. JSTOR inakuruhusu kufungua akaunti binafsi bila malipo na kusoma hadi makala 100 mtandaoni kila siku 30. Na mkutubi wa shule yako anajua njia ambazo wewe huzijui, nenda ukamsalimie.
- Saa nne au tano kwa wiki zilizotengwa kwenye ratiba, siku inayojulikana. "Nikipata nafasi" haifiki.
- Swali. Bovu ni sawa. Tutalitengeneza.

Jambo moja zaidi, na hili muulize mkufunzi siku ya kwanza: anaruhusiwa kukusaidia hadi wapi? Msimamizi wa EPQ, kwa mfano, hawezi kukuchagulia njia wala kukuandikia sentensi. Mkufunzi binafsi hana anayemchunga, na hapo ndipo wengine huteleza. Akianza kukuandikia aya nzima, mwambie basi, hata kama ni kwa nia njema. Insha hiyo itakuwa yake, na adhabu itakuwa yako.

## Hatua kwa hatua

1. Likate swali mpaka likutoshe

Wanaoanza karibu wote huja na swali la kujaza kitabu. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: vita vya Maji Maji, uasi dhidi ya utawala wa Wajerumani kusini mwa Tanzania ya leo. Mwanafunzi anakuja na "Kwa nini vita vya Maji Maji vilitokea?" Hilo huwezi kulimaliza kwa maneno 2500. Wapo wanahistoria walioshughulika nalo miaka na miaka.

Likate kwa kujiuliza wapi, lini, na kipi dhidi ya kipi. Wapi: si koloni zima, bali milima ya Matumbi vita vilikoanzia, na Ungoni vilikofika. Lini: miezi ya mwanzo, kuanzia ule mwisho wa Julai 1905 watu walipong'oa pamba, si mpaka 1907. Kipi dhidi ya kipi: kilimo cha pamba cha kulazimishwa dhidi ya sababu nyingine. Ukishakata hivyo unabaki na kitu kama hiki:

*Je, kilimo cha pamba cha kulazimishwa kinaeleza kuenea kwa vita vya Maji Maji mwaka 1905, au kinaeleza kuanza kwake tu?*

Swali hilo lina pande mbili, na unaweza kulishindwa. Hicho ndicho kipimo. Mtu aliyesoma akiweza kulikataa jibu lako kwa sababu za maana, swali linafaa. Asipoweza, unaandika maelezo ya kamusi.

Wa sayansi wafanye vivyo hivyo. "Kipindupindu kinaenezwaje?" limeshajibiwa, hakuna anayekungoja. Lakini daktari John Snow, aliyedai kipindupindu huenezwa na maji, na pampu ya maji ya Broad Street jijini London mwaka 1854 bado ni mali: mpini wa pampu uling'olewa tarehe 8 Septemba, na Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa huenda ulikuwa umeshaanza kupungua kwa sababu watu walikimbia mtaa. Sasa uliza: kama ni hivyo, ushahidi wake ulikuwa na nguvu wapi hasa? Hiyo ni insha.

*Angalia:* usibadili swali kila wiki. Lirekebishe, lipunguze, lakini ukishafika kikao cha pili shikamana nalo.

2. Soma kwa mpangilio

Anza na maelezo ya jumla, hata Wikipedia. Hakuna dhambi. Isome upate majina, tarehe na ramani ya jambo, kisha shuka kwenye orodha yake ya marejeo ukachukue vyanzo vyenyewe. Usiinukuu tu ndani ya insha.

Kisha tafuta makala tatu ambazo hazikubaliani. Narudia, ambazo hazikubaliani. Kwa mfano wetu, jarida moja tu, Journal of African History, linatosha kuanzia. Mwaka 1967 John Iliffe aliandika humo juu ya mpangilio wa uasi wa Maji Maji: vuguvugu lililoanza na manung'uniko ya wakulima juu ya pamba, likapanuliwa na imani ya maji, yaani kwamba maji ya dawa yangewakinga wapiganaji na risasi, na lilipofika mbali likachukua sura ya makabila. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri akahamia Uzaramo na kutazama njaa, nguruwe mwitu waliovamia mashamba, na mzigo ulioangukia wanawake. Mwaka uliofuata Jamie Monson akaenda Nyanda za Juu Kusini na kuonyesha ushirika wa kisiasa na mivutano ya utawala iliyokuwepo tangu kabla ya vita. Miaka thelathini ya ubishi, na sasa wewe umevuta kiti.

Makala ya kitaaluma haisomwi kama riwaya. Soma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, ikiwa ipo, kisha aya mbili tatu za mwanzo, kisha hitimisho. Ukishajua mwandishi anadai nini, rudi mwilini kutazama anathibitisha vipi. Mzunguko wa kwanza nusu saa, wa pili saa nzima. Usipoelewa ukurasa wa tano, pita, weka alama, muulize mkufunzi. Hata yeye aliruka.

Ukipata makala nzuri kwenye Google Scholar, bofya idadi ya walioinukuu. Hapo utawaona waliokuja baadaye kumjibu mwandishi, na ubishi utajipanga wenyewe mbele yako.

*Angalia:* kusoma ni maficho mazuri sana. Mtu anasoma makala kumi na nne ili asiandike. Ukifikisha nne au tano, anza kuandika. Nyingine zitakuja insha ikizidai.

3. Weka kumbukumbu kwa safu tatu

Gawa ukurasa wa daftari safu tatu. Ya kwanza: mwandishi anasema nini, kwa maneno yako, pamoja na namba ya ukurasa. Ya pili: anajuaje, yaani ushahidi wake ni nini. Ya tatu: wewe unaonaje.

Safu ya tatu ikibaki tupu ukurasa mzima, hujasoma, umenakili.

Namba ya ukurasa haina mjadala. Mfano: utakuta kwamba makadirio ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000 waliokufa, na kwamba mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Ukiandika daftarini "walikufa 300,000" bila kusema nani kahesabu, baada ya wiki tatu utaiweka namba hiyo kwenye insha kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Mkufunzi atauliza "kwa hesabu ya nani?" na usiku huo utautumia kutafuta ukurasa ulioupita. Tena ile tofauti yenyewe kati ya namba mbili ndiyo habari: nani alihesabu, alihesabu nini, waliokufa kwa njaa wamo au hawamo?

Ukinakili maneno ya mwandishi kama yalivyo, yafunge kwenye alama za mtajo papo hapo, daftarini. Wizi wa maandishi mwingi ninaoukuta haukukusudiwa. Mtu alinakili sentensi mwezi wa pili, mwezi wa nne akadhani ni yake.

4. Andika kabla ya kikao, kila kikao

Ukurasa mmoja, maneno 300 hadi 500. Umtumie mkufunzi siku mbili kabla. Usingoje uwe na uhakika, kwa sababu hutakuwa nao.

Anayefika mikono mitupu anatumia kikao kueleza alichokusudia kukifanya. Anayefika na ukurasa mbovu anatoka na ukurasa bora. Nimeyaona yote mawili yakitokea kwa wanafunzi wawili wa darasa moja, akili sawa, na mwisho wa muhula tofauti yao ilikuwa daraja zima.

Mwishoni mwa ukurasa ongeza maswali mawili. Si "insha yangu ikoje?" bali "Nadhani Iliffe na Monson hawazungumzii eneo lilelile. Je, ni haki kuwapambanisha?" Swali la namna hiyo humfanya mkufunzi avute kiti karibu.

5. Ndani ya kikao: kubisha si utovu wa adabu

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo watoto wa kwetu wanapopata taabu.

Mkufunzi atakwambia umwite kwa jina lake la kwanza. Umelelewa na "shikamoo", mwalimu ni mzazi wa pili, mkubwa akisema unaitikia. Sasa mtu mwenye uzamivu, umri wa mama yako mdogo, anasema "mimi naona umekosea" halafu ananyamaza, anakungoja. Ulimi unagoma. Unasema "ndiyo, ni kweli". Hapo umemkatisha tamaa bila kujua.

Ilinitokea. Mkufunzi wangu wa kwanza alisema jambo ambalo nilijua si sahihi, nikatikisa kichwa kukubali. Akafunua karatasi zangu polepole, akaweka kidole: "Lakini ukurasa wa pili hapa umeandika kinyume. Uliandika ukiwa umelala?" Sikuwa na la kujibu. Alikuwa ananitega, na nilinasa.

Heshima katika chumba hiki ni kuichukulia hoja ya mwenzako kwa uzito kiasi cha kuijibu. Yapo maneno ya kubishia bila kuvunja adabu: "Naona unachosema, ila ushahidi wa Sunseri unanipeleka pengine." Au: "Nikubali nusu. Kwa Matumbi sawa, kwa Ungoni bado." Jizoeze kuyasema kwa sauti kabla ya kwenda. Usicheke, ninawafanyisha wanafunzi wangu.

Maswali yenyewe yatakuwa hivi:

— Umeandika "Waafrika walichoka na pamba." Waafrika gani?

— Wa kusini.

— Wote? Wangoni nao walilimishwa pamba ya serikali?

— Sidhani.

— Unadhani au umesoma?

— Sijasoma.

— Vizuri. Basi wiki hii unajua pa kwenda.

Hajakugombeza. Amekuonyesha tundu kwenye paa kabla ya mvua. "Sijui" ni jibu zuri likifuatwa na "nitaangalia wapi". Baya ni kubuni.

Andika wakati wa kikao, na ukitoka tu, kabla hujashika simu, tumia dakika kumi kuandika mambo matatu ya kufanya. Ukingoja jioni utakumbuka alivyokuangalia, na alichosema kitakuwa kimeshayeyuka.

6. Panga hoja kwa sentensi

Kabla ya rasimu, andika jibu la swali lako kwa sentensi moja. Kisha kila aya uipe sentensi moja inayodai kitu. "Aya ya 3: pamba" si dai. "Aya ya 3: pamba ndiyo iliyong'olewa kwanza Matumbi, kwa hiyo ina nafasi katika kuanza kwa vita" ni dai. Zipange sentensi hizo wima na uzisome mfululizo. Zikisomeka kama mtu anayejenga kesi, endelea. Zikisomeka kama orodha ya soko, panga upya sasa, kungali rahisi.

Insha ya maneno 2500 hubeba aya kumi hadi kumi na mbili. Si ishirini.

7. Andika rasimu

Usianze na utangulizi. Anza na aya unayoijua vizuri zaidi. Utangulizi unaandikwa mwisho, ukishajua umetambulisha nini.

Tazama tofauti. Hii ni aya ya mtu anayeanza:

*"Wajerumani walikuwa wakatili sana na Waafrika walichoka na pamba, ndiyo maana vita vilianza na kuenea kote Tanganyika."*

Mambo matatu yameharibika hapo. Hakuna chanzo. "Kuanza" na "kuenea" vimefungwa kamba moja ilhali swali letu linataka vitenganishwe. Na jina Tanganyika lilikuja baada ya Wajerumani kuondoka. Mwaka 1905 ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kosa dogo, lakini mwanahistoria akiliona ataanza kukutilia shaka na mengine.

Hii ni ya mwanafunzi huyohuyo, rasimu ya tatu:

*"Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yanaeleza kwa nini vita vilianzia Matumbi: mimea hiyo ndiyo iliyong'olewa kwanza, mwishoni mwa Julai 1905. Hayaelezi kwa nini Wangoni, waliokuwa mbali na ukanda wa mashamba hayo, waliingia vitani wiki chache baadaye. Iliffe (1967) anaipa nafasi kubwa imani ya maji, iliyowaunganisha watu wasiokuwa na manung'uniko ya aina moja. Monson (1998), akiandika juu ya Nyanda za Juu Kusini, anaturudisha kwenye ushirika na mivutano ya watawala iliyotangulia vita. Kwa hiyo pamba inaeleza kuanza. Kuenea kunahitaji maelezo mengine."*

Hakuna neno gumu hapo. Kila sentensi ina kazi yake, ya mwisho inarudi kwenye swali. Lugha ya kitaaluma ni hiyo, hata kama insha yako yenyewe utaiandika kwa Kiingereza. Wanaodhani ni kurundika misamiati mirefu wanajichosha na kumchosha msomaji.

Na lile swali la "mimi": katika masomo mengi ya jamii na sanaa, "ninadai kwamba" inakubalika, "mimi nahisi kwamba" haikubaliki. Maabara wana desturi zao. Muulize mkufunzi wa somo lako.

8. Mpe nafasi anayekupinga

Tenga aya moja, hata mbili, kwa hoja kinzani iliyo na nguvu kuliko zote. Iandike vizuri kiasi kwamba mwenye hoja angeisoma na kusema "naam, hicho ndicho ninachosema." Kisha ijibu. Kumtengenezea mpinzani hoja ya kijinga ili umpige kirahisi kunaonekana mara moja.

Na ikitokea hoja yake imekushinda? Badili jibu lako. Ni ruhusa, tena kwenye EPQ kueleza ulivyobadili msimamo kunakuongezea sifa.

9. Marejeo, ukiwa unaandika na si usiku wa mwisho

Mtindo wa Harvard ndio wengi huelekezwa: jina la mwandishi na mwaka ndani ya sentensi, maelezo kamili mwishoni. Historia mara nyingi hupenda tanbihi, yaani maelezo chini ya ukurasa. Chagua kimoja kulingana na maelezo ya kazi na usichanganye.

Yawe mangapi? Sina namba, na anayekupa namba anakukisia. Kila dai ambalo si lako na si jambo linalojulikana na wote linahitaji chanzo. Insha ya maneno 2500 yenye vyanzo vinane vilivyosomwa kweli huishinda yenye ishirini na tano vilivyoonwa majina tu. Mkufunzi hujua. Anauliza swali moja juu ya chanzo cha kumi na tisa, na chumba kinakuwa kimya.

*Angalia, programu za akili mnemba:* hubuni marejeo. Hukupa mwandishi wa kweli, jarida la kweli, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Usiweke chanzo ambacho hukukifungua kwa mkono wako. Kwa kazi za kufuzu kama EPQ, kuwasilisha maandishi ya programu kama yako ni udanganyifu wa mtihani, na ukiitumia kwa lolote lazima useme umeitumia wapi na vipi.

10. Pokea maoni, kisha fungua faili jipya

Rasimu itarudi imejaa wino. Isome, iweke kando siku moja, hasira ipoe. Kisha gawa maoni mafungu mawili: yanayogusa hoja na yanayogusa lugha. Fanya ya hoja kwanza. Kusahihisha koma kwenye aya utakayoifuta ni kufagia nyumba inayobomolewa.

Usikubali kila kitu. Kama maoni moja hukubaliani nalo, andika pembeni kwa nini, ulipeleke kikaoni.

## Mambo yakikwama

"Nimepata 64." Hongera. Vyuo vya Uingereza huhesabu 70 kwenda juu kuwa daraja la kwanza, 60 hadi 69 daraja la pili la juu, 50 hadi 59 daraja la pili la chini, 40 hadi 49 daraja la tatu. Ukiwa umezoea alama za shule, 64 inaonekana janga. Kwenye kipimo hiki ni kazi nzuri, na wazazi waelezwe hivyo mapema, kabla karatasi haijafika mezani.

Makala imefungwa, wanataka malipo. Usilipe. Kwenye Google Scholar angalia kama kuna matoleo mengine ya makala hiyohiyo; mara nyingi mwandishi ameweka nakala kwenye ukurasa wa chuo chake. Jaribu JSTOR. Muulize mkutubi. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe fupi yenye adabu ukieleza wewe ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Wengi hufurahi kwamba kuna anayewasoma.

Ninasoma taratibu sana, Kiingereza chao kizito. Ni kizito kwa wenyeji pia. Tengeneza orodha ya maneno 20 yanayojirudia katika uwanja wako, si ya kamusi nzima. Makala ya tatu itakwenda haraka kuliko ya kwanza kwa sababu ubishi utakuwa umeshauzoea. Na kufikiria kwa Kiswahili halafu ukaandika kwa Kiingereza si kosa. Rasimu yangu ya kwanza ya mambo magumu mpaka leo huwa nusu kwa nusu.

Maneno yamezidi 800. Usinyofoe neno moja moja. Rudi kwenye orodha ya sentensi za hatua ya 6, tafuta aya ambayo ukiitoa kesi bado inasimama, uitoe nzima. Kwa kawaida ni ile ya usuli, iliyoanza na "Afrika ilitawaliwa na wakoloni kwa miaka mingi". Itauma kidogo, kwa sababu ndiyo uliyoiandika kwanza.

Wenzangu kikundini wanaongea, mimi sipati nafasi. Mtumie mkufunzi ujumbe kabla: "Ningependa kuanza mimi leo na aya yangu ya nne." Hakuna atakayekataa. Anayefungua mjadala hahitaji kuupenya.

Mkufunzi hajibu. Subiri siku tatu za kazi, mkumbushe kwa sentensi mbili, rasimu imeambatishwa tena. Bado kimya, mwone mratibu wa shule. Watafiti wa uzamivu wana tarehe zao za mwisho, hawakukusudia kukutupa, lakini na tarehe yako nayo haimngoji mtu.

Mitihani ya majaribio imegongana na insha. Mwambie mkufunzi mapema, wiki mbili kabla, si siku mbili. Punguza badala ya kusimama: dakika 30 kwa siku za kugusa faili, hata kama ni kurekebisha marejeo tu. Insha iliyoachwa wiki tatu hurudiwa kama barua ya mtu mwingine, na utatumia siku nzima kukumbuka ulitaka kusema nini kwenye aya ya tano.